Umbo la sonata: mwongozo wa kulisikia kwa anayejua do, re, mi

Kama umewahi kuimba kwaya kwa solfa, fe unaifahamu. Ni fa iliyopandishwa nusu sauti, na kawaida hujitokeza pale mstari wa pili wa wimbo unapokaribia kutua. Kwenye kwaya yetu ndiyo iliyokuwa ikisimamisha mazoezi: sauti ya tatu wanaiimba kama fa ya kawaida, mwalimu anagonga meza, tunarudi nyuma. Siku fe inapotoka safi, mstari unatua kwenye so, na kwa muda mfupi ile so inajisikia kama do. Umehama nyumba bila kuinuka kwenye kiti. Mstari wa tatu ukianza, unarudishwa kwako.

Nilipoanza kusoma habari za umbo la sonata niliambiwa nitafute “wazo la kwanza” na “wazo la pili”. Nikakaa muda mrefu nikiwinda tuni, nikipotea kila mara, kwa sababu tuni ni nyingi na hakuna inayokuja imevaa namba. Siku nilipoacha kufuata tuni nikaanza kufuata do, mambo yakafunguka. Umbo la sonata ni ile safari ya fe, iliyorefushwa kutoka mistari miwili ya utenzi hadi dakika sita, kumi, au zaidi. Tutaifuata kwanza kwenye kazi moja fupi ya Mozart, mtunzi wa Ulaya wa karne ya 18, kisha twende kwa watunzi wenzake, hasa Haydn na Beethoven.

Majina kwanza

Sonata na umbo la sonata ni vitu viwili. Sonata ni kazi nzima, kwa kawaida ya piano peke yake au ya piano na ala nyingine moja, yenye sehemu kadhaa zinazopigwa moja baada ya nyingine na kimya katikati. Neno ni la Kiitaliano, linatokana na sonare, yaani kutoa sauti kwa ala, kinyume cha kantata ambayo huimbwa. Umbo la sonata ni mpangilio wa ndani wa sehemu moja tu, mara nyingi ile ya kwanza, na halimo kwenye sonata peke yake. Simfonia, zile kazi kubwa za okestra, zinalo, kwateti za nyuzi, za wapigaji wanne, zinalo, hata muziki wa kufungulia opera mara nyingi unalo.

Mafungu yake nitayaita utambulisho, uendelezaji na marejeo, na mkia wake koda. Vipimo ni vile visanduku vya nota kati ya mstari wima mmoja na mwingine. Wapo wanaoviita baa, lakini sitaki mtu apite nyuma yangu aone nimeandika kwamba Beethoven alimaliza baa 691.

Hatua ya kwanza: shika do

Tafuta sehemu ya kwanza ya Eine kleine Nachtmusik ya Mozart, namba yake K. 525. Hata kama jina ni geni, tuni yake utaijua, maana imekuwa mlio wa simu za watu wengi. Mozart aliimaliza Vienna tarehe 10 Agosti 1787, katika mwaka uleule aliokuwa akiandika opera ya Don Giovanni. Ni ya nyuzi tu: fidla za kwanza, fidla za pili, viola, chelo na besi. Katika daftari ambalo mwenyewe aliorodhesha kazi zake, hii ameiandika kuwa na sehemu tano, lakini zilizotufikia ni nne, minueti moja imepotea. Ipakue kabisa kwenye simu badala ya kuitegemea bando, maana utairudia mara nyingi na muziki unaokatikakatika hauwezi kukufundisha umbo.

Do ni G, meja, yaani nyumbani ni do. Wote wanaanza pamoja, nota zilezile, kwa nguvu:

do, so do, so do so do mi so

Kimya kidogo, kisha jibu:

fa, re fa, re fa re ti re so

Imba mistari hiyo miwili, bila kuona haya. Ukiihesabu utagundua kwamba katika vipimo vinne vya mwanzo Mozart amekwisha taja nota zote za ufunguo, yaani za ile ngazi inayotegemea do hii, isipokuwa la. Hajacheza na msikilizaji hata kidogo: amempeleka moja kwa moja sebuleni na kumwonyesha mahali pa kukaa.

Sasa zoezi lenyewe. Ianzishe tena, shika ile do ya kwanza kwa mdomo uliofumba, na uendelee kuishika muziki ukisonga mbele. Mwanzoni inakaa vizuri kama kigingi. Usiiachie.

Hatua ya pili: sikia pale do inapohama

Wazo la kwanza likishapita, fidla zinaanza kutetemesha nota kwa haraka na nguvu inapanda kidogokidogo. Hapo umeingia darajani. Tuni ya daraja haina haja ya kukumbukwa, kwa sababu kazi ya daraja ni kukutoa nyumbani. C inapandishwa kuwa C shapu, yaani fa inakuwa fe, rafiki yetu wa zamani, na fe hiyo inaanza kujifanya ti ya mahali pengine. Daraja linaisha kwa milio mizito, halafu ghafla kimya.

Kwenye kipimo cha 28 inaingia tuni ya upole, sauti ikiwa imeshushwa. Jaribu do yako hapo. Haitagombana sana na muziki, lakini haitui tena. Inataka kushuka hatua nusu iende mahali pengine. Imekuwa fa, bila kukuomba ruhusa. Do mpya ni D, ile iliyokuwa so.

Hili ndilo wazo la pili, na waandishi wengi wanakosea wanapolieleza kwa sura yake: kwamba la kwanza ni kali na la pili ni laini. Mara nyingi ni hivyo, lakini ulaini ni pambo. Kinacholifanya liwe la pili ni anwani yake. Haydn alilithibitisha hilo mara nyingi. Katika sehemu ya kwanza ya Simfonia namba 104, aliyoiandika kwa ajili ya London na kupigwa huko mwaka 1795, muziki unahamia kwenye ufunguo wa so na tuni inayotokea huko ni ileile ya mwanzo. Mgeni ni wewe uliyehama.

Rudi kwa Mozart. Kuanzia kipimo cha 35 kuna kituni chepesi chenye nota moja inayodunda mara kadhaa kabla ya kutikiswa. Kiwekee alama kichwani, utakutana nacho tena. Kwenye kipimo cha 55 utambulisho unafungwa kwenye D, wazi kabisa, na mtu asiyeujua muziki huu anaweza kudhani umekwisha. Kisha wapigaji wanarudi mwanzo na kuupiga wote upya. Simu haijakosea, ni maagizo ya Mozart. Hadhira ya 1787 haikuwa na rekodi, na kwa wengi wao usiku huo ndio ungekuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuisikia kazi hiyo. Kurudia utambulisho kulikuwa ukarimu.

Umbo hili lilitoka wapi

Alama hiyo ya kurudia ndiyo kovu la kitovu. Kabla ya Mozart, muziki wa kuchezea dansi barani Ulaya ulikuwa na nusu mbili, kila nusu ikirudiwa: ya kwanza inatoka nyumbani na kwenda so, ya pili inatoka so na kurudi do. Domenico Scarlatti, Mtaliano aliyezaliwa Naples mwaka 1685 na kufia Madrid mwaka 1757, ameacha sonata 555 za kinanda, nyingi zimejengwa hivyohivyo. Lakini kwa Scarlatti kuna jambo ambalo mshairi wa Kiswahili atalitambua mara moja: miisho ya nusu zake mbili ina vina. Kile kilichofunga nusu ya kwanza kwenye ufunguo wa ugenini kinafunga nusu ya pili pia, nota kwa nota, ila sasa kwenye ufunguo wa nyumbani.

Kina hicho ndicho mbegu. Watu wa kizazi kilichofuata, Sammartini kule Milan, Carl Philipp Emanuel Bach kule Berlin, Johann Stamitz na okestra yake ya Mannheim, waliipanua kila nusu. Utambulisho ukapata daraja na mawazo yanayotofautiana. Mwanzo wa nusu ya pili ukageuka kuwa eneo la kutangatanga. Na kurudi kwa do kukaambatana na kurudi kwa tuni ya mwanzo kabisa, tukio linalosikika hata na aliyekuwa akisinzia. Haydn, aliyeingia utumishi wa ukoo wa Esterházy mwaka 1761 na kukaa nao karibu miaka 30 akiwa na okestra ya kujaribia kila alichokiandika, ndiye aliyelifanya umbo hili kuwa mchezo wa akili.

Kichekesho ni kwamba hawa wote hawakufundishwa “umbo la sonata” tunalofundishwa sisi. Heinrich Christoph Koch, mnadharia wa Kijerumani aliyeandika mwishoni mwa karne ya 18, alilieleza kama mafungu mawili makubwa na safari ya funguo. Aliyelieneza kwa jina na sura tunayoijua, yaani mafungu matatu na mawazo mawili yanayopingana, ni Adolf Bernhard Marx wa Berlin, miaka ya 1840. Wakati huo Mozart, Haydn na Beethoven wote walikuwa kaburini. Kwa hiyo ukikuta kazi “imekiuka kanuni”, angalia tarehe kwanza. Huwezi kukiuka sheria ambayo haijatungwa.

Hatua ya tatu: vumilia uendelezaji

Katika kazi yetu uendelezaji ni mfupi mno, vipimo 20 tu, kuanzia cha 56 hadi cha 75, kama nusu dakika. Unaanza na ule mwito wa mwanzo, lakini ukiwa D. Halafu muziki unateleza, na kile kituni kinachodunda kinatokea C, mahali ambapo hatujawahi kufika. Kuanzia hapo sakafu haitulii. Usijaribu kutaja kila ufunguo unaopita, hata wataalamu hukaa na penseli. Swali la kujiuliza ni moja: je, naweza kusema do iko wapi? Jibu likiwa hapana, au likibadilika kila baada ya sekunde chache, uko ndani ya uendelezaji.

Jambo la pili la kusikiliza humo ni vipande. Mtunzi hachukui tuni nzima. Anachukua mkono au mguu wake, anaupitisha kwenye ala mbalimbali, anaugeuza. Ndiyo maana nilikuambia ukiwekee alama kile kituni: asiyekikumbuka husikia kelele nzuri, anayekikumbuka husikia mtu anayemfahamu akiwa taabuni.

Karibu na mwisho, watunzi wengi hurudi na kung’ang’ania so, wakiisimamia kwa muda. Kwa mwanakwaya hiyo ni dalili tosha. So ikikaa muda mrefu hivyo, do iko njiani.

Hatua ya nne: marejeo, na kwa nini si kurudia tu

Kipimo cha 76: do, so do, so do so do mi so. Wote pamoja, kwa nguvu, G. Kama ulikuwa umeipoteza do yako, hapa unarudishiwa mkononi.

Wapenzi wa taarabu ya Unguja wanaweza kusema, basi hiki ni kama bashrafu, ule muziki wa ala tupu, ambamo taslimu, yaani kibwagizo chake, hurudi baada ya kila fungu. Kuna undugu wa mbali katika furaha ya kurudi, lakini taslimu hurudi ileile na kazi yake imekwisha. Katika umbo la sonata kurudi kwa wazo la kwanza ni nusu ya habari, tena nusu iliyo rahisi. Lenyewe halikuwahi kuhama, lilikuwa la G tangu mwanzo.

Sikiliza daraja safari hii. Ni lilelile kwa sikio, linatetemeka vilevile, lakini Mozart amelirekebisha ili lisivuke. Linakusimamisha kwenye D kama so, wala si kwenye A. Kimya kilekile. Kisha inaingia tuni ya upole, na do yako inakaa ndani yake sawasawa. Lile wazo lililozaliwa ugenini limerudishwa kwa ukoo. Hapa ndipo pa kusikilizia. Kama una nafasi ya kufanya zoezi moja tu katika mwongozo huu, piga kipimo cha 28 na mara baada yake piga mahali hapa, moja kwa moja, ukiwa umeshika G. Katika rekodi zinazorudia utambulisho, marejeo huanza karibu na dakika ya nne, na tuni ya upole hufuata chini ya dakika moja baadaye.

Koda ya kazi hii ni vipimo sita, salamu za kuagana mlangoni.

Hatua ya tano: jaribu ufunguo wa maina

Mwanasolfa anajua kwamba maina huanzia la. Kwa hiyo Simfonia namba 40 ya Mozart, iliyomalizika tarehe 25 Julai 1788, iko G maina: la ni G, na do ni B fleti, yaani B iliyoshushwa nusu sauti. Hapa safari inabadilika. Nyumbani ni la, na wazo la pili kwenye utambulisho halihamii so, linahamia do. Ni kama kutoka chumba chenye pazia kwenda barazani. Tuni inakuja na mwanga, ikishuka taratibu kati ya nyuzi na ala za kupuliza.

Sasa fikiria marejeo. Kama kila kitu lazima kirudi nyumbani, na nyumbani ni huzuni, ile tuni yenye mwanga itafanywaje? Mozart anairudisha kwenye G maina. Nota zinafuata mkondo uleule, mwanga umezimwa. Hakuna maneno, hakuna opera, hakuna aliyekufa jukwaani, na bado mimi hapo hunyamaza. Ukisikia tofauti kati ya sehemu hizo mbili umeelewa umbo la sonata kuliko mtu aliyekariri michoro kumi.

Beethoven alikabiliwa na swali lilelile katika Simfonia namba 5, iliyopigwa hadharani Vienna tarehe 22 Desemba 1808, akachagua njia nyingine. Wazo la pili linarudi katika C meja, mwanga haujazimwa. Lakini baada ya marejeo anafungua koda ndefu inayoburuta kila kitu tena hadi C maina. Koda si mlango wa kuagania tena, imekuwa ukumbi wa vita.

Wanaokutega

Ukishazoea, utakutana na watunzi wanaojua unachokitarajia. Sonata ya piano K. 545, ile ambayo wanafunzi wengi wa piano huipitia na ambayo Mozart mwenyewe aliiandikia kuwa ya wanaoanza, iko C. Uendelezaji unakwisha, tuni ya kwanza inarudi, nawe unashusha pumzi. Jaribu do yako. Haimo. Tuni imerudi kwenye F, ufunguo wa fa, na nyumbani hasa utafika baadaye, kabla ya wazo la pili. Anayefuata tuni peke yake hatagundua lolote. Mozart aliingiza sonata hiyo daftarini tarehe 26 Juni 1788, siku ileile aliyoingiza simfonia nzima, namba 39.

Beethoven katika sonata ya Waldstein, opus 53, hahamii so kabisa. Kutoka C anaruka hadi E, ufunguo wa mi, na wazo la pili linasikika kama limetoka kwenye kanisa la mbali. Usishangae. Bado kuna nyumbani, kuna kwingine, na deni la kurudi.

Na iko Eroica, Simfonia namba 3, aliyoiandika mwaka 1803 na 1804. Sehemu ya kwanza ni vipimo 691. Uendelezaji peke yake ni karibu vipimo 250, mara kumi na zaidi ya ule wa Mozart wetu, na ndani yake inatokea tuni mpya ambayo haikuwamo kwenye utambulisho. Usiianzie hii; watu wengi wameianzia wakaukimbia muziki wenyewe. Ifikie baada ya majuma mawili ya Mozart na Haydn, na kwa mara ya kwanza fuatilia vitu vitatu tu: tuni ya chelo mwanzoni, mahali unapopotea, na mahali chelo zinaporudi.

Kabla tu ya kurudi huko, muziki unafifia. Fidla zinatetemeka chinichini zikiwa bado zimeshikilia milio ya so, hazijatua. Ndipo pembe moja, peke yake, inapopiga mwanzo wa tuni katika do, vipimo vichache kabla ya wakati wake. Ferdinand Ries, mwanafunzi wa Beethoven, alisimulia kwamba katika mazoezi ya kwanza alikuwa amesimama kando ya bwana wake, akasikia hivyo, akadhani mpiga pembe amehesabu vibaya, akamlaani kwa sauti. Nusura azabwe kofi na Beethoven. Ikifika hapo, angalia do uliyoishika tangu mwanzo: itapatana na pembe, na okestra nzima ndiyo itakuwa imechelewa.